Pikipiki haiwaki alfajiri kipupwe hiki: ni baridi kweli, au fundi ananizungusha?

MchuuziMambrui

Asalaam aleikum. Naombeni msaada kabla sijaiuza hii pikipiki kwa kilo kwa wanunuzi wa vyuma.

Mimi nachuuza samaki, nakaa Mambrui. Alfajiri naenda Ngomeni kuwahi mashua, kisha nateremka Malindi mjini kwa wateja wangu. Aliye kwenye kazi hii anajua: upepo wa kusi ukikaza bahari inachafuka, wavuvi wengi hawatoki, na wanaotoka wanarudi na haba. Kolekole wakiwa wachache, wa kwanza kufika ndiye anayechagua, wa pili anaokota tafi, wa tatu anaambiwa kesho inshallah. Tangu kipupwe kiingie, wa tatu ni mimi.

Pikipiki ni ya Kihindi, 125, ya kabureta, ina stata na kiki. Wakati wa kaskazi ulikuwa ukiigusa tu inaitika. Tangu Juni, alfajiri haitaki. Stata inazungusha vizuri, injini inalalama weee, haishiki. Nahamia kwenye kiki mpaka kigimbi kinauma. Mara nyingine inakohoa kupitia kabureta, pah!, kama inayotaka kushika, halafu kimya. Ikishika, bila choki inazima. Lakini nikifika Gongoni imeshapata moto, na hapo siku nzima haina neno, nazima na kuwasha kwa kidole. Hata kiki yenyewe naona imekuwa nyepesi siku hizi, kijana wangu wa darasa la sita anaikanyaga bila shida. Nilidhani ni kuzoeleka tu.

Nyumba iko upande wa bahari, banda hakuna, inalala nje chini ya mti wa mkungu. Asubuhi siti imeloa umande. Na nyuma nimefunga boksi la samaki, barafu ikiyeyuka maji yanateremka yanakojua.

Fundi alisema "hiyo ni baridi", akaniuzia betri mpya. Haikusaidia. Akasema oili ni nzito kwa baridi hii, akaimwaga, akaweka nyepesi kutoka chupa ya magari madogo. Haikusaidia vilevile, na sasa nikiwa na mzigo klachi kama inateleza. Juzi ananiambia tufungue injini tuweke ringi mpya. Pesa za injini sina, na sitaki kuzitafuta kwa kubahatisha.

Swali langu ni moja: baridi ya huku kwetu inaweza kweli kuizuia pikipiki isiwake? Majirani wameanza kuniombea dua kila alfajiri, na si dua nzuri.

KisumuNdogoBoy

Baridi Mambrui? 😂 Shekhe, mimi nimeendesha boda Nyahururu, mita 2,300 na zaidi juu ya bahari. Kule kuna asubuhi majani yanakuwa meupe kwa barafu, na boda za kule zinawaka, wenyewe wanakunywa chai ya tangawizi wanangoja abiria. Vuta choki yote, usishike mafuta, piga kiki. Ikikataa sukuma, gia ya pili, achia klachi. Mengine ni fundi kutafuta hela ya Idd.

BabaSalimTorino

Waaleikum salaam mchuuzi. Mimi ni mtu wa Malindi, Shella, ila miaka mingi niko huku Italia, Torino. Nafanya kazi kwenye duka la mikate, maana yake naamka saa ambazo hata wewe mchuuzi bado uko usingizini, na pikipiki yangu ni ya zamani, ya kabureta kama yako. Kwa hiyo baridi naijua kwa jina la baba yake. Hebu nikueleze inavyofanya kazi, halafu wewe mwenyewe utaona kama iko Mambrui.

Baridi ya kweli, ile ya Januari ambapo usiku unashuka chini ya sifuri na kiti cha pikipiki kinakuwa na unga mweupe wa barafu, inaishambulia pikipiki pande tatu.

Ya kwanza ni petroli. Injini haichomi petroli ya maji, inachoma mvuke wake uliochanganyika na hewa. Chuma kikiwa baridi, petroli inayotoka kwenye kabureta haigeuki mvuke vizuri, nyingi inang'ang'ania ukutani kama matone. Mchanganyiko unaofika kwenye plagi unakuwa hewa tupu na petroli kidogo. Ndiyo kazi ya choki: inapunguza hewa ili petroli iwe nyingi zaidi, na hata sehemu ndogo inayogeuka mvuke itoshe kuwaka. Ndiyo maana pia alivyosema kijana wa Kisumu Ndogo ni kweli, choki ikiwa imevutwa usichezee mafuta. Kwenye kabureta nyingi hizi ukifungua mafuta unaua mvuto unaoifanya choki ifanye kazi.

Huku viwanda vinatengeneza petroli ya msimu wa baridi, inayopaa haraka kuliko ya kiangazi. Mtu aliyejaza tangi Agosti, akaiacha pikipiki gereji, akairudia Desemba, atasumbuka: petroli ile ni ya kiangazi, na sehemu zake nyepesi zimeshapaa.

Ya pili ni oili. Ikipoa inakuwa nzito, inaushika mtambo wote. Kwenye pikipiki zetu klachi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo, na sahani zake zinagandana. Mimi kabla ya kufungua swichi nashika klachi, nakanyaga kiki polepole mara kadhaa, sahani ziachane. Halafu hata nikiwa nyutro, nikiwasha nimeishika klachi, stata isibebe mzigo wa gia ndani ya oili nzito.

Ya tatu, na huku ndiyo inayowaliza watu wengi, ni betri. Betri ya risasi na asidi hutengeneza umeme kwa kemia, na kemia ikipoa inakuwa goigoi. Kwenye nyuzi −18 inabaki na kama nusu ya nguvu zake za kuzungusha, na saa hiyohiyo oili nzito inadai nguvu zaidi. Ndiyo maana Waitaliano wenye pikipiki za fahari wanaziunganisha na chaja ndogo ya ukutani majira yote ya baridi. Mimi nakaa ghorofa ya nne bila gereji. Nyakati mbaya naifungua betri, napanda nayo, inalala jikoni. Mama Salim ameshazoea.

Sasa njoo Mambrui. Julai huko kwetu usiku unashuka mpaka nyuzi 22 hivi. Petroli safi inatoa mvuke wa kuweza kuwaka hata ikiwa nyuzi 40 chini ya sifuri. Betri kwenye 22 iko nyumbani kwake kabisa. Oili ya 20W-50 kwenye 22 ni maji tu. Wewe mwenyewe umesema stata inazungusha vizuri. Betri inayozungusha vizuri haina kesi, na oili inayoruhusu injini izunguke vizuri haina kesi. Fundi amewahukumu wawili wasio na kosa.

Kuna njia moja tu ambayo baridi ya kwetu ingeweza kukusumbua: petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayaanzi kutoa mvuke wa kuwaka mpaka yapate joto la nyuzi 38 au zaidi. Kwa hiyo mchanganyiko ule mchana, injini ikiwa ya moto, unakwenda, japo kwa moshi na kugonga. Alfajiri kwenye 22 unakataa. Mchezo huo ulizidi Kenya hadi serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa mwaka 2018 ili kuua faida yake. Unanunua wapi? Kama ni chupa za kando ya njia, jaza tangi kutoka kituo kinachouza sana, tembea nayo siku kadhaa, uone.

Na kama ni maji kwenye petroli: chini ya kabureta kuna skrubu ya kumwagia. Weka chupa ya kioo, fungua, acha itulie. Maji ni mazito, yatakaa chini na utauona mstari.

Jambo la mwisho, maana hili linaniumiza roho: huku baridi ikija wanamwaga chumvi barabarani kuyeyusha barafu. Pikipiki nzima inaoza kuanzia chini, nyaya zinakuwa na unga wa kijani kwenye viungo. Nikiitazama yangu mwezi Machi naikumbuka Ngomeni. Wewe unapita kwenye mashamba ya chumvi ya Gongoni kila siku, unalala mbele ya bahari, na nyuma umebeba boksi linalotiririsha maji ya chumvi. Kwa upande wa chumvi, wewe uko kwenye baridi kali zaidi yangu, tena mwaka mzima.

MokoweKwetu

Hapo kwenye chumvi Baba Salim amegonga. Sisi Lamu pikipiki tunazivusha kwa mashua kutoka Mokowe, na mawimbi ya kusi yanaziosha kabla hazijafika. Dawa yangu: maji matamu kila jioni, si ya presha, ndoo na kitambaa tu. Viungo vya nyaya nafungua, napiga brashi ya meno, napaka grisi kidogo nafunga. Fiuzi usiisahau, miguu yake inaota kutu. Na hilo boksi la samaki toboa tundu moja pembeni, chomeka mpira uteremke mpaka chini ya tairi. Maji ya barafu ya samaki juu ya nyaya za taa ya nyuma, wallahi hata pikipiki ya polisi itakufa.

Ila mimi nadhani shida yako wewe si umeme. Umeme ukisumbua unasumbua hata mchana.

FundiBarani

Nimesoma yote. Baba Salim umefundisha vizuri, nami nitawaonyesha vijana wangu hapa gereji. Lakini mchuuzi alisema maneno mawili ambayo nyote mmeyaruka, na kwangu yale ndiyo ugonjwa wenyewe. Kiki imekuwa nyepesi. Na inakohoa kupitia kabureta.

Kiki nyepesi maana yake mgandamizo umepungua. Pistoni inapanda, hewa inapata mahali pa kutorokea. Mahali pa kawaida ni pawili: pembeni mwa pistoni, yaani ringi, au juu, yaani vali. Inapokohoa kupitia kabureta, mara nyingi ni vali ya kuingizia haijifungi sawasawa, moto unarudi kwa mlango ulioingilia. Basi kabla mtu hajakufungulia injini, mwambie afanye hili mbele yako. Afungue plagi, akanyage kiki na kidole kwenye tundu, ausikie mgandamizo. Kisha amimine kijiko kimoja cha oili kwenye tundu la plagi, akanyage mara chache isambae, ajaribu tena. Oili itaziba ringi kwa muda. Mgandamizo ukipanda sana, ringi zimekwisha, fundi wako yuko sahihi. Usipobadilika, ringi ni nzima, tatizo liko kwa vali. Ni kazi fupi na haina gharama. Fundi akiikataa, chukua pikipiki yako uondoke.

Mimi naweka dau kwenye tapeti zilizobana, yaani nafasi ya vali imekwisha. Nieleze kwa nini.

Kati ya rokeri, kile kijiti kinachoisukuma vali ifunguke, na ncha ya vali kuna nafasi ndogo sana. Kwenye injini nyingi ndogo kama yako iko kati ya milimita 0.05 na 0.10, kitabu chako kitasema namba kamili. Nafasi ile ndiyo inayoiruhusu vali ikae kitako kabisa ikifunga. Watu wengi wanadhani tapeti zikitembea zinalegea tu na kupiga kelele. Si lazima. Kitako cha vali kinalika polepole, vali inazama ndani ya kichwa cha injini, ncha yake inapanda juu, na nafasi inajifunga yenyewe. Injini inakuwa kimya kabisa, mwenyewe anafurahi, kumbe vali inashikiliwa wazi kidogo saa zote. Halafu kuna mafundi wanaorekebisha tapeti kwa sikio, wanakaza mpaka kelele iishe. Mteja anasifu mkono wa fundi. Miezi michache baadaye alfajiri haiwaki. Kwangu mimi tapeti zinazosikika kidogo ni tapeti zenye afya.

Na kwa nini asubuhi tu? Silinda na kichwa chake ni alumini, na alumini ikipata moto inatanuka kuliko chuma cha vali. Injini ikichemka, kinafasi kinarudi, vali inafunga, mgandamizo unarudi. Ndiyo maana ukifika Gongoni inakuwa malaika. Injini inapopoa kabisa usiku kucha, kinafasi kinapotea tena. Hapo sasa mnaona kwa nini kila mtu anailaumu baridi. Ukiiacha ipoe kabisa mchana wa Februari inaweza kusumbua hata hapo, ila nani anaiacha mchana wakati wa kaskazi, samaki wako tele?

Namna ya kupima: injini iwe imelala usiku mzima, usiiwashe. Fungua vifuniko viwili vya tapeti juu na kile cha pembeni kwenye magneto. Zungusha mpaka alama ya T ikae kwenye mstari, na rokeri zote mbili zicheze kwa mkono. Zisipocheza, zungusha duru moja zaidi, uko kwenye mpigo mwingine. Ingiza fila geji, kile kibati chembamba cha kupimia nafasi, ya namba ya kitabu. Ipite ikiwa na kaukinzani kidogo, kama unavuta karatasi iliyobanwa kati ya kurasa za kitabu. Ikikataa kuingia, umeshika mwizi. Ukirekebisha shika skrubu kwa bisibisi wakati unakaza nati, maana nati inapenda kuizungusha pamoja nayo, halafu pima tena baada ya kukaza. Asiyepima tena hajapima.

Kama tapeti ziko sawa, njoo kwenye kofia ya plagi. Hii ndiyo umande unaipenda. Ile kofia nyeusi ikipata ufa mwembamba, chumvi na unyevu vinaingia, na umeme badala ya kuruka kwenye plagi unateremka ubavuni kwenda kwenye injini. Uzuri ni kwamba unaonekana kwa macho. Alfajiri kabla ya kupambazuka zima taa zote, mtu mwingine akanyage kiki, wewe uinamie kofia ile bila kugusa. Ikiwa ina ufa utaona cheche za buluu zinatembea juu yake kama siafu. Hata ile waya nene ya kutoka koili itazame, kwa hewa ya Mambrui huwa inapasuka pale inapoingia kwenye kofia. Kata nusu inchi, ingiza upya.

Plagi yenyewe isome. Ikitoka imeloa na inanuka petroli, petroli inafika ila moto haupo au ni hafifu. Ikitoka kavu baada ya kuzungusha sana, petroli haifiki, angalia bomba la tangi na jeti ndogo ya kabureta. Nafasi ya plagi weka kati ya milimita 0.6 na 0.8.

Mwisho, hiyo oili ya gari. Hapo sina mzaha. Soma ubavuni mwa chupa aliyokuwekea. Oili nyingi nyepesi za magari zina dawa ya kupunguza msuguano, na klachi yako inaishi kwa msuguano. Ndiyo hiyo inayoteleza.

KisumuNdogoBoy

Fundi, lakini kwa nini kaskazi ilikuwa inawaka vizuri? Tapeti hazijui mwezi.

FundiBarani

Hazijui mwezi, zinajua kilomita. Kazi ya samaki kilomita zinakimbia. Yaliyokuwa yanajifunga polepole tangu Januari yamefika mwisho Juni, basi. Na nyuzi za usiku wa Februari huko kwetu ni za juu kidogo, injini yenye mgandamizo nusu inaweza kukubali kwenye 25 na kukataa kwenye 22. Mtu dhaifu ndiye anayesikia upepo.

BabaSalimTorino

Fundi nakuvulia kofia. Nimeisoma ile post ya mchuuzi mara mbili na hiyo kiki nyepesi nimeipita kama basi la Mombasa linavyoipita Gede. Hata huku mafundi wanasema hivyohivyo: ikiwa ngumu kuwaka baridi, pima vali kwanza. Vijana wa huku wanakimbilia kupuliza dawa ya etha kwenye filta ya hewa. Inawaka kwa kishindo, na kishindo hicho hakina rehema kwa pistoni. Mchuuzi, mtu akikuletea kopo hilo mkatalie.

MchuuziMambrui

Jamani, nimerudi. Jumapili sikwenda Ngomeni, nikaisukuma asubuhi bila kuiwasha mpaka kwa kijana mmoja hapa anayemiliki fila geji, maana fundi wangu alisema yeye anapima kwa uzoefu.

Tumeanza na kijiko cha oili. Mgandamizo ulikuwa vilevile. Tukafungua vifuniko. Vali ya kutolea moshi geji ilipita kwa kubembelezwa. Ya kuingizia haikupita hata geji nyembamba kuliko zote kwenye kile kitita. Kijana akaitikisa rokeri kwa kidole, haichezi kabisa, imekaa kama imechomelewa. Alipolegeza skrubu nikasikia kitu kimejifunga mle ndani, tik, kidogo tu. Akaweka kwa namba ya kitabu, akakaza, akapima tena bila mimi kumwambia, nikajua huyu ni mtu.

Kiki sasa kijana wangu wa darasa la sita anasimama juu yake haishuki. Nimefurahi na nimemwonea huruma kwa pamoja.

Asubuhi zilizofuata inawaka na choki, mara moja au mbili, naizoeza kidogo kisha narudisha choki. Sasa injini inapiga tik-tik-tik juu, na jirani aliyekuwa akiniombea dua amenisimamisha kuniambia pikipiki yako imeharibika, inalia. Nimemwambia ndiyo ilivyopona.

Petroli niliipima kwenye chupa ya kioo, haikuwa na maji. Kama ina mafuta ya taa siwezi kuapa, ila nimeacha zile chupa za njiani, najaza mjini nikimaliza kuuza. Boksi nimelitoboa na kuweka mpira kama alivyosema ndugu wa Mokowe. Usiku naifunika gunia, na kofia ya plagi naifunika kwa kitambaa kikavu.

Limebaki moja. Juzi ilinyesha ile mvua ya alfajiri ya ghafla, ikasumbua tena kidogo. Nikafanya ile ya giza, kijana akanyage mimi niiname. Fundi Barani, cheche ziko. Ndogo, buluu, zinacheza upande wa nyuma ambao mchana huuoni hata ukilala chini. Kofia nabadilisha yenyewe tu au na waya wake? Na hii oili ya gari niimwage sasa au ningoje wakati wake wa kubadilisha? Klachi inateleza nikiwa na boksi limejaa.

FundiBarani

Alhamdulillahi. Kofia badilisha yenyewe kwanza, ile ya kuzungusha kwenye waya kama skrubu. Kata waya mpaka uone shaba safi. Waya ukiwa umekauka na kupasuka mbele zaidi, na koili yako ni ile ambayo waya hautoki, hapo ndipo utanunua koili. Ndani ya kofia pale mpira unaposhika plagi paka grisi ya silikoni kidogo, maji hayataingia.

Oili imwage leo, usingoje. Nunua yenye namba ya kitabu, na nyuma ya chupa tafuta maandishi JASO MA, alama ya oili inayofaa klachi inayoogelea ndani ya oili. Chupa isiyo nayo iache dukani hata kama ina picha ya pikipiki. Sahani za klachi zikiwa hazijaungua, klachi itarudi yenyewe ndani ya siku chache. Zikiendelea kuteleza baada ya hapo, rekebisha kwanza kebo ya klachi iwe na uchezaji kidogo kwenye mkono, kabla hujamruhusu mtu yeyote kukufungulia ubavu.

Na yule jirani, akikuuliza tena kuhusu kelele, mlete kwangu na ya kwake. Wiki iliyopita niliisikia ikipita hapa Barani, kimya kabisa.